Majivu ya Mlima Usiokuwepo

Nasieku hakuweza kusimama mahali pamoja. Hata ndani ya handaki, ambamo mtu hana pa kwenda isipokuwa mbele au nyuma, alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama aliyesimama juu ya bati lililoshinda juani. Waliomfahamu walidhani ni tabia tu. Yeye alijua kwamba ni ardhi. Tangu utotoni nyayo zake zilisikia kitu ambacho nyayo za wengine hazikukisikia, mvutano mdogo chini kabisa, kama wa mtu aliyelala anayetaka kugeuka upande wa pili na bado hajageuka.

Nchi aliyoishi haikuwa na miaka. Ilikuwa nayo zamani, kisha akaja Mwenye Mwaka, akatangaza kwamba wakati umeanza alipoingia yeye, na kwamba mwaka ule utaitwa Mwaka wa Kwanza. Ulipokwisha, kengele ikapigwa katika mnara wa Ukingoni, watu wakakusanyika kuusikia mwaka wa pili ukitajwa, na mtangazaji akasema: Mwaka wa Kwanza. Wakacheka kidogo, wakidhani amekosea. Hakukosea. Tangu siku hiyo kengele ililia na kulia, na kila ilipolia ulianza Mwaka wa Kwanza. Wavulana waliota ndevu katika Mwaka wa Kwanza, wakaoa, ndevu zikaingia mvi, na mwaka ukawa uleule. Mtu akiulizwa ameoa lini, hujibu: mwaka huu. Akiulizwa mama yake alifariki lini, huangalia mikono yake, kisha husema: mwaka huu.

Nasieku peke yake aliruhusiwa kutaja miaka, kwa sababu miaka yake ilikuwa mikubwa mno. Ilikuwa ya malaki na mamilioni, miaka ya majivu. Mwenye Mwaka aliona haiwezi kumdhuru. Nani atapiga kelele barabarani kwa ajili ya jambo lililotokea kabla ya mtu yeyote kusimama kwa miguu miwili?

Kazi yake ilikuwa hivi. Mlima unapolipuka hutema majivu, na ndani ya majivu mna fuwele ndogo kama chembe za chumvi. Fuwele ikipoa hujifunga. Potasiamu iliyomo ndani yake huanza kugeuka gesi, polepole kupita polepole yoyote tunayoijua, na gesi hiyo haina pa kutokea. Inabaki humo, pumzi iliyobanwa. Nasieku aliiokota fuwele kwa ncha ya sindano chini ya hadubini, akaiyeyusha kwa mwali wa leza, akaipima pumzi ile, akajua mlango ulifungwa lini. Wakati mwingine, fuwele ilipopasuka, alijikuta naye ameachia pumzi aliyokuwa ameibana bila kujua. Alijiuliza: je, mtu naye ana mahali fulani ndani yake palipofungwa siku fulani, ambapo umri wake wa kweli unajijumlisha kimyakimya, hata kama kengele inasema vingine?

Siku moja alitembelewa na Tajeu, Katibu wa Asili. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyevua viatu mlangoni pa maabara ingawa hakuna aliyemwambia avue. Alisimama na soksi zake safi, akazitazama chupa za majivu rafuni kwa heshima, kama mtu aliyeingia msikitini.

"Dada Nasieku," alisema, "unalifahamu tatizo letu. Sisi wa Ukingoni tunasema tulitangulia. Watu wa Bondeni wanasema na wao ni wa asili. Maneno matupu yametuchosha. Kwenye ukuta wa genge, huku juu, kuna tabaka la majivu. Kule chini, chini ya mashamba yao, kuna tabaka jingine. Pima. Majivu ya nani ni ya zamani zaidi?"

"Majivu hayana mwenyewe, Katibu."

"Yatakuwa naye ukishapima."

"Na wale ambao majivu yao yataonekana machanga?"

"Watahamishwa. Ardhi iliyokuja juzi inakaliwa na watu waliokuja juzi." Aliinama, akaanza kuvaa viatu. "Sikutishi. Kama wao ndio wa kale, tutaondoka sisi. Mwenye Mwaka amesema hivyo kwa mdomo wake."

Nasieku hakumwamini. Lakini alikubali, na aliyemkubalisha hakuwa Tajeu. Lilikuwa swali lake mwenyewe, ambalo lilikuwa likimtembeza chumbani huku na huku kwa muda asioweza kuutaja. Genge lilikatiza nchi nzima kama kovu, juu Ukingoni, chini Bondeni, na katikati ukuta wa mawe ambao watu walijua njia moja tu ya kuupanda, nayo ilikuwa ya kuzungukazunguka. Udongo wa Bondeni uliletwa na maji. Hilo kila mtu alilijua, mvua ilipiga Ukingoni na maji mekundu yakashuka. Lakini udongo wa Ukingoni nao ulitoka wapi? Aliwahi kuuchekecha, akakuta humo chembe za mwamba ambao haukuwepo popote katika nchi ile, si juu wala chini. Zilikuwa zimelainishwa na safari ndefu. Kwa hiyo mahali fulani palikuwa na mlima, na mlima ule uliondoka wenyewe kwa miguu ya mchanga, chembe kwa chembe, ukashuka mtoni, ukaja kulala hapa, na mahali pake pakabaki anga. Basi mlima uko wapi sasa? Uko kule ulikokuwa, au uko hapa, chini ya vitanda vya watu? Na mtu anaposema *hapa ni kwetu*, anasema hapa gani? Hapa palipotoka wapi?

Akachukua mwiko, brashi na mifuko, akashuka genge.

*

Resiato alikuwa akikanyaga udongo wa matofali, kanga imefungwa kiunoni, matope hadi magotini. Alikuwa dada yake Nasieku. Nani mkubwa na nani mdogo, hakuna aliyejua. Mama yao aliwahi kusema kwamba siku ya mafuriko mmoja wao alimbeba mwenzake mgongoni, lakini hakuwahi kusema nani alimbeba nani, na alipofariki, ilikuwa Mwaka wa Kwanza. Jina la Nasieku, katika lugha ya mama yao, maana yake ni aliyewahi kufika. Hata hilo halikusaidia. Mtu aweza kuwahi kwa kutangulia, na aweza kuwahi kwa kukimbia sana baada ya kuchelewa. Basi kila mmoja alimwita mwenzake dada, hadi Nasieku alipochukuliwa kwenda kusoma Ukingoni, akabaki huko.

"Umekuja," Resiato alisema bila kuacha kukanyaga.

"Nimekuja, dada. Habari za hapa?"

"Za hapa ndizo ulizozileta wewe. Unapima nini safari hii?"

"Majivu. Yapo chini ya udongo wako, pale shimoni."

"Na ukishapima?"

Nasieku alilitazama shimo. Ukutani, chini ya udongo mwekundu, palionekana mstari mweupe wa kijivujivu, mnene kama godoro.

"Watu wanasema tutaondolewa," Resiato aliendelea. "Wanasema ni wewe utakayesema."

"Mimi sisemi. Majivu ndiyo yatakayosema."

Resiato alisimama. Matope yalimteleza miguuni taratibu. "Majivu yana mdomo, Nasieku? Mdomo ni wako. Kama utanitoa nyumbani, nitoe kwa mdomo wako. Usisingizie vumbi."

Nasieku alishuka shimoni akachimba. Alisikia miguu ya dada yake juu ikianza tena, chwa, chwa, chwa, na kila mkanyago ukapita katika udongo hadi kwenye mgongo wake. Alitaka kupanda, avue viatu, akanyage naye kama zamani. Hakupanda. Alijaza mifuko, akaifunga kwa uzi, akaondoka, na alipogeuka mara moja njiani alimwona Resiato amesimama kando ya matofali yaliyoanikwa, anamtazama kama mtu anavyoitazama mvua isiyoeleweka kama inakuja au inakwenda.

*

Matokeo ya kwanza yalisema: majivu ya Ukingoni ni ya kale zaidi.

Hayakuwa na shaka, kwa mtu asiyetaka kuona shaka. Kabla Nasieku hajasema neno, Tajeu alikuwa mlangoni, safari hii bila kuvua viatu. "Inatosha," alisema.

"Haitoshi. Sijarudia. Kuna kitu hakijakaa sawa. Fuwele za tabaka moja zingepaswa kusema neno moja, na hizi zinazozana."

"Hata mashahidi wa kweli huzozana kidogo, dada."

Aliichukua tarakimu. Mchana huohuo ilibandikwa kwenye mbao za matangazo, Ukingoni na Bondeni, na chini yake jina la Nasieku. Watu wa Bondeni wakaambiwa wafunge mizigo kabla ya kengele ijayo.

Nasieku hakulala, hakukaa, hakula amesimama wala ameketi. Alizunguka. Kichwani maneno yalimjia vipandevipande. *Jina langu liko ubaoni. Jina langu linafukuza watu. Nimesema nini? Sijasema kitu. Ndiyo maana limesemwa.* Jua lilipofika utosini alikuwa ameingia katika handaki alilokuwa ameanza kulichimba chini ya genge, akiliacha jua juu, na alipokuwa akitembea, kuta zilizidi kuwa ndefu. Matabaka yalimpita pembeni kama vituo vinavyompita msafiri. Tabaka la udongo mwekundu. Tabaka la kokoto. Tope jeusi la ziwa lililokauka, lenye magamba ya konokono. Aliutazama mkono wake, ukawa mkono wa mtoto. Akautazama tena, ukawa wa kikongwe, mishipa imesimama. Hakuogopa. Alijua kwamba kule chini umri hauna adabu.

Kwenye tabaka la majivu aliketi mwanamke, miguu ikining'inia, kama mtu anavyoketi kizingitini kupunga upepo. Uso wake ulikuwa wa Resiato, kisha wa mama yao, kisha haukuwa wa mtu yeyote.

"Shikamoo," Nasieku alisema.

"Marahaba. Umejuaje kwamba unapaswa kuniamkia?"

"Wewe ni mkubwa kuliko wote hapa."

"Mkubwa, ndiyo." Mwanamke alicheka. "Lakini majivu haya si yangu. Wenyewe ni hao." Alinyoosha kidole, na Nasieku akaona kwamba ukuta mzima ulikuwa umejaa watu waliolala, vijana, nyuso zao kali na safi kama vioo vilivyovunjwa leo asubuhi. "Hao ndio waliozaliwa na moto huu. Mimi nilikuwa nimelala katika mwamba, mbali sana. Maji yakanichukua, yakanisugua, yakaniweka katikati yao. Wapimaji wakija huuliza: mna umri gani? Hao wamelala. Najibu mimi. Basi tabaka lote linapewa umri wangu."

"Kwa nini huwaambii wewe ni mgeni?"

"Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi. Wote huuliza ni lini tu." Kisha mwanamke akainama, akamsogezea uso ambao sasa ulikuwa karibu kuwa wa Nasieku mwenyewe. "Na wewe, binti, uko kwenye tabaka la nani?"

Nasieku alifumbua macho. Alikuwa amekaa chini ndani ya handaki, mgongo ukutani, kiganja kimejaa majivu, na jua halikuwa limesogea.

*

Alirudi maabara akikimbia. Safari hii hakuchukua fuwele zozote zilizokuja mkononi. Alizimwaga chini ya hadubini, akazitenga. Zile za mviringo, zilizofifia, zilizosuguliwa na maji, aliziweka kando, hizo zilikuwa wageni, chembe za mwamba wa kale zilizosombwa na kuchanganyika na majivu ya Ukingoni. Zile zenye kingo kali, angavu, zilizozaliwa na mlipuko wenyewe, hizo ndizo alizoziyeyusha. Akafanya hivyo kwa majivu ya juu, akafanya hivyo kwa majivu ya chini.

Umri ulikuwa mmoja. Hata vigae vya kioo vilivyomo ndani yake, alipovichunguza, vilikuwa vya mchanganyiko uleule, mtemo mmoja wa mlima mmoja.

Basi akarudi handakini, akachimba mpaka akaukatiza ufa wa ardhi unaopita chini ya genge, na hapo akaona kwa macho jambo ambalo mashine ilikuwa imelinong'ona. Mstari mweupe wa majivu ulikuja kutoka upande wa genge, umenyooka, ukafika kwenye ufa, ukakatika. Ng'ambo ya ufa haukuwepo. Alishusha macho. Ulikuwepo chini, mbali chini, ukiendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukingoni na Bondeni palikuwa uwanda mmoja siku majivu yalipoanguka. Hapakuwa na juu wala chini. Ardhi ndiyo iliyopasuka baadaye, upande mmoja ukazama.

Na kuna jambo jingine, lililomfanya aketi. Juu kabisa, karibu na mizizi ya majani, kulikuwa na tabaka jembamba la majivu mengine, machanga sana, ya mlima wa magharibi ambao bado ulifuka moshi. Alitarajia kulikuta zima, limepita juu ya ufa kama shuka juu ya mtu aliyekufa. Lilikuwa limekatika. Ufa ulitembea hata baada ya hilo. Ufa ulikuwa hai.

*

Aliomba kusema mbele ya watu, na Tajeu, kwa upole wake, akakubali. Wa juu na wa chini waliitwa uwanjani chini ya mnara. Watu wa Bondeni walisimama na mizigo yao tayari kichwani. Resiato alikuwa mbele, mikono kifuani.

Nasieku alisema yote. Alisema kwamba tarakimu iliyobandikwa ilikuwa ya uongo na kwa nini. Alisema majivu ni mamoja, ardhi ilikuwa moja. Alisema udongo wa Bondeni ulishuka kutoka Ukingoni, na udongo wa Ukingoni ulitoka kwenye mlima ambao haupo tena, kwa hiyo kama kuna mwenyeji, ni mlima ule, nao umekwisha kusambaa miongoni mwao wote. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Alimwona Resiato akifungua mikono.

"Na ufa?" Tajeu aliuliza. "Nasikia ulikuwa na neno kuhusu ufa."

"Uko hai, Katibu. Utatembea tena."

"Lini?"

"Hilo majivu hayawezi kusema."

"Ukitembea, itakuwaje huku juu?"

Nasieku alisita. Lakini alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli, na kweli ikianza ina mteremko wake. "Ukingo wa genge utamomonyoka. Nyumba zilizopo ukingoni zitashuka nao."

Mwanamume mmoja wa Ukingoni akasema, kama anayejisemea, "Mimi nyumba yangu iko ukingoni." Mwingine akasema, "Mimi pia." Halafu sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, kali: "Si amesema ardhi ilikuwa moja? Basi Bondeni ni kwetu vilevile!"

"Na udongo wao umetoka kwetu! Amesema mwenyewe!"

Nasieku aliona jambo likigeuka mbele yake kama mnyama mkubwa anavyogeuka, kwanza kichwa, kisha mabega, kisha uzito wote. Tajeu alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, na alipokiinua, uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Tunamshukuru dada yetu," alisema. "Ametufumbua macho. Udongo wa Bondeni ni udongo wetu uliotoroka. Ni haki tuufuate. Na kwa kuwa ardhi ni moja, ndugu zetu wa Bondeni hawafukuzwi na mtu. Watapanda huku juu, wakae ukingoni. Ni kwao vilevile."

"Hapana!" Nasieku alipiga kelele. "Sijamaliza! Bonde ndilo linalozama. Ufa ukitembea, chini nako hakutakuwa salama, maji yataingia, mawe yataanguka. Hakuna upande ulio..."

Kengele ikalia. Ililia ndefu, na mtangazaji akatokeza dirishani akasema ni Mwaka wa Kwanza, na kwamba agizo limeanza.

*

Watu walipishana njiani, kwenye genge, mstari mmoja ukishuka na mmoja ukipanda. Wa Ukingoni walishuka na makochi, mapazia, ndege katika vizimba. Wa Bondeni walipanda na majembe, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Njia ilikuwa nyembamba, mabega yakagusana, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka alimpisha mama mjamzito aliyekuwa akipanda, akasema "Samahani," kisha akaona haya kwa kulisema.

Nasieku alipanda na wanaopanda. *Nilisema uongo bila kusema, wakafukuzwa. Nikasema kweli kwa sauti, wakafukuzwa. Nilidhani kuna sentensi moja mahali fulani, chini kabisa, ambayo mtu akiifikia hawezi kuigeuza. Nimechimba. Haipo. Kila sentensi ina mpini, na anayeushika ndiye anayekata.* Alijikwaa, akainuka. *Basi kujua ni kwa ajili ya nini? Kama ni kujua tu, hata jiwe linajua. Limebana pumzi yake malaki ya miaka na halijamsaidia mtu.*

Tajeu alimkuta kwenye kona ya njia, yeye akishuka. Nyuma yake watu wawili walikuwa wamembeba mama yake kitini.

"Unakwenda upande usio wako, dada," alisema. "Umetengewa nyumba kule chini. Ile ya matofali mazuri, kando ya shimo."

"Hiyo ina mwenyewe."

"Ilikuwa naye."

Nasieku alimtazama. Alitaka kumchukia, na kwa muda mfupi aliona tu mtu anayeogopa ardhi kama wengine wote, mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kumweka mama yake. Hilo lilimuuma kuliko chuki. "Usimlaze karibu na ukuta wa genge," alimwambia. "Mlaze mbali, upande wa mto wa zamani, pale palipoinuka. Mawe hayatafika."

Tajeu aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayeiba kitu. Akapita.

Ukingoni, askari walikuwa wamepigilia vigingi vya viwanja vipya, mstari mrefu kando ya genge, nao wakashuka pamoja na wengine kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki. Watu wa Bondeni walitua mizigo. Upepo ulivuma kutoka chini. Chini walionekana watu wadogo wakiingia katika nyumba zao, wakifungua madirisha.

Resiato aliketi juu ya furushi lake. Hakuwa amesema na Nasieku tangu uwanjani. Nasieku alisimama mbele yake, akahama mguu, akahama mwingine.

"Dada," alianza, "nilipokuwa nikisema kuhusu majivu, nilitaka..."

"Tulale wapi?"

"Nilitaka wajue kwamba tabaka lile ni..."

"Sikuulizi umri wake," Resiato alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka, na ndani ya uchovu huo mlikuwa na kitu Nasieku hakuwa amekisikia kwa mtu yeyote, si kwa Tajeu, si kwa walimu wake, si kwa yule mwanamke wa handakini. "Wewe unaijua ardhi hii kwa ndani. Nina watu hapa wana watoto. Nakuuliza tulale wapi."

Nasieku akageuka, akaanza kutembea kutoka ukingoni. Wachache wakamfuata, wakitazamana. Alivuka vigingi, akavuka uwanja, akavuka nyumba tupu zilizoachwa milango wazi. Kila alipofika mahali aliinama, akachimba kidogo kwa mwiko, akalitafuta lile tabaka jembamba la majivu machanga. Hapa lilikuwa limepasuka. Akasonga. Hapa lilikuwa na nyufa kama za kisigino. Akasonga. Watu nyuma yake waliongezeka, mizigo ikarudi vichwani. Alifika kwenye mgongo wa mwamba mweusi, mahali pa miiba, ambapo hakuna mtu wa Ukingoni aliyewahi kutaka kujenga kwa sababu hapakuwa na mandhari ya kutazama. Akachimba. Majivu yalikuwa pale, kijivu, mazima, yamelala juu ya mwamba bila mkato, upana wote aliofukua. Akafukua zaidi, kushoto na kulia, kucha zikatoka damu kidogo. Mazima.

"Hapa," alisema.

"Hapa pana miiba," mtu mmoja alisema.

"Miiba tutakata. Hapa hapajawahi kukatika. Siwezi kusema hapatakatika kamwe. Lakini hapajawahi."

Resiato alitua furushi. Alikanyaga pale kwa kisigino mara kadhaa, kama anavyokanyaga udongo kujua kama umeiva. "Mlango uelekee wapi?"

"Huku. Ulipe genge kisogo."

"Jua litatuingia usoni asubuhi."

"Litatuingia."

Resiato alifikiri. "Basi tutaweka pazia," alisema, akaanza kufungua kamba.

Walipokuwa wakisimamisha nguzo ya kwanza, ardhi ilitikisika. Haikuwa sana. Sufuria ziligongana, kuku wakapiga kelele, na kutoka upande wa genge ulikuja mlio wa mawe yakiteremka, kisha vumbi likainuka polepole juu ya ukingo, pale vilipokuwa vigingi. Chini, mbali, mtu alikuwa akiita jina la mtu. Wote waliganda, wakamtazama Nasieku. Naye akangoja, kichwa kimeinama, akisikiliza kwa nyayo. Mwamba chini yake ulinguruma, ukatulia, na haukusogea.

"Wale wa chini," alisema. "Watahitaji njia ya kupanda. Ile ya genge itakuwa imefunikwa. Kuna nyingine upande wa mto wa zamani, nitawaonyesha."

Mwanamume mmoja alitema mate. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alianza kusema kitu, akaacha. Resiato alitazama vumbi kwa muda mrefu, kule ilikokuwa nyumba yake ya matofali na mtu mwingine ndani yake.

"Wangapi wanaweza kulala hapa?" aliuliza hatimaye.

"Mwamba ni mkubwa."

Resiato alivuta pumzi, akaiachia. Akamrushia Nasieku ncha ya kamba. "Shika hapo, vuta," alisema. "Tumalize hii nguzo kwanza, halafu twende tukawachukue."